Prednisoloni na deksamethasoni kwa maumivu ya viungo: soma kabla ya kumeza, na soma kabla ya kuacha

#1 Mfamasia_wa_Zamu (mleta uzi)

Wadau, uzi huu ni wa wanaomeza au kuchomwa steroidi kwa ajili ya magoti, vidole, nyonga au mgongo bila kuandikiwa na mtaalamu. Onyo linatangulia, maana wapo watakaosoma aya moja tu na kuondoka: kama umezitumia kila siku kwa wiki tatu au zaidi, usiache leo kwa sababu umesoma uzi huu. Kukata ghafla kunaweza kuua haraka kuliko kuendelea. Namna ya kushuka itaelezwa huko chini.

Steroidi ninazozungumzia ni prednisoloni, prednisoni, deksamethasoni, betamethasoni, methiliprednisoloni, triamsinoloni na haidrokotisoni. Zile za kujaza misuli ni kundi lingine kabisa, tuziache.

Dawa hizi ni nakala ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Zikiingia kwenye seli zinazima viwanda vya kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu. Ndiyo maana mtu aliyelala hawezi kukunja ngumi, kesho yake anafua nguo. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic alimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, na baada ya siku chache mgonjwa akatembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Haikuchukua muda madaktari wakaanza kuona upande wa pili: nyuso zilizovimba, mifupa iliyovunjika, maambukizi.

Kosa la kwanza ninaloliona liko kwenye hesabu. Mtu anatazama kidonge kimeandikwa 0.5 mg anasema "hii ni ndogo, haina madhara". Nguvu za dawa hizi hazilingani. Hizi zote ni sawa:

haidrokotisoni 20 mg = prednisoloni 5 mg = methiliprednisoloni 4 mg = triamsinoloni 4 mg = deksamethasoni 0.75 mg

Sasa piga hesabu. Vidonge viwili vya deksamethasoni 0.5 mg mara tatu kwa siku ni 3 mg, sawa na prednisoloni 20 mg. Mwili wa mtu mzima asiyeumwa hutengeneza kotisoli inayolingana na takriban prednisoloni 5 mg kwa siku. Kwa hiyo "vidonge vidogo" hivyo ni mara nne ya kiasi cha mwili, kila siku. Tena deksamethasoni hukaa mwilini ikifanya kazi kwa saa 36 hadi 54, wakati prednisoloni ni saa 12 hadi 36. Ukiimeza mara tatu kwa siku, tezi zako hazipati hata saa moja ya kupumua.

---

#2 Mtafiti_Mdogo

Mkuu, shukrani. Swali ambalo wengi wanajiuliza: kama maumivu yanaondoka kweli, na mtu ana magoti yaliyolika kwa umri, ubaya uko wapi? Si anatafuta kuishi bila maumivu tu?

---

#3 Daktari_wa_Viungo

Swali la msingi hilo, nalijibu kwa urefu.

"Maumivu ya viungo" si ugonjwa. Ni dalili ya magonjwa mengi, na steroidi huyanyamazisha karibu yote kwa muda. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kabla hata hatujafika kwenye madhara ya dawa yenyewe: mtu anapata nafuu bila kujua ananyamazisha nini.

Kulika kwa gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo (osteoathraitisi). Goti linauma ukitembea au kupanda ngazi, likipumzika linatulia, asubuhi linakaza chini ya nusu saa. Hapa vidonge vya steroidi si tiba inayopendekezwa. Daktari anaweza kuchoma sindano ndani ya kiungo, ikaleta nafuu ya wiki kadhaa, lakini nayo ina mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachoma wagonjwa wa goti triamsinoloni 40 mg kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, na wenzao wakachomwa maji ya chumvi. Mwishoni waliopata triamsinoloni walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakutofautiana na ya wenzao. Hiyo ni sindano ya mtaalamu, yenye vipimo na ratiba. Linganisha na kidonge cha kila siku kinachozunguka mwili mzima.

Baridi yabisi. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi vimekaza zaidi ya saa nzima, mtu anahisi mchovu. Hapa kinga ya mwili inashambulia kiungo. Steroidi kidogo hutumika mwanzoni kama daraja, kwa miezi michache, wakati dawa halisi inaanza kufanya kazi. Dawa halisi mara nyingi ni methotreksati, na mwanzo wa ugonjwa ndio wakati wa kuiwahi kabla mfupa haujatafunwa. Anayemeza prednisoloni pekee anatembea vizuri huku kiungo kinaliwa polepole. Akija baada ya miaka miwili picha ya eksirei inaonyesha mashimo kwenye mifupa ya vidole, na mashimo hayo hayafukiki. Nasisitiza jambo moja la kuokoa maisha: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile kila wiki, pamoja na asidi ya foliki kama ulivyoelekezwa. Ukiimeza kila siku inaua uboho wa mifupa. Hiyo nayo si dawa ya kujinunulia.

Jongo. Kidole gumba cha mguu kinawaka usiku, hata shuka likigusa unalia. Hapa steroidi ina nafasi ya kweli: prednisoloni 30 hadi 35 mg asubuhi kwa siku tano, basi. Shida ni kwamba mtu anaona muujiza, kisha anameza kila akihisi dalili. Steroidi haipunguzi asidi ya yuriki. Chumvi za yuriki zinaendelea kujijenga, na baada ya miaka unaona vinundu vigumu kwenye viwiko na vidole, na figo nazo zinaumia. Kinachotibu ni alopurinoli: huanza 100 mg kwa siku (chini ya hapo kama figo ni dhaifu), hupandishwa taratibu mpaka asidi ya yuriki kwenye damu ishuke chini ya 6 mg/dL, yaani 360 kwa vipimo vya maikromoli. Miezi ya kwanza mtu hukingwa na kolchisini kidogo, kwa sababu chumvi zikianza kuyeyuka jongo huweza kuamka. Wengi huacha alopurinoli hapo wakidhani imewadhuru.

Usaha ndani ya kiungo. Hili ndilo linanitisha kuliko yote. Kiungo kimoja kinavimba ghafla, kina joto, hakikunjiki, homa huenda ipo au haipo. Steroidi itashusha homa na maumivu, na bakteria watasherehekea. Gegedu linaweza kuharibika ndani ya siku chache. Kiungo cha namna hiyo kinatakiwa kuchomwa sindano na ute wake kupelekwa maabara siku hiyohiyo, kabla ya antibiotiki na kabla ya steroidi. Vivyo hivyo kifua kikuu cha uti wa mgongo: mgongo unauma miezi, uzito unapungua, jasho usiku. Mpe huyo deksamethasoni atakushukuru wiki mbili, kisha miguu itaanza kufa ganzi.

---

#4 Nesi_Mwandamizi

Naomba kuongezea kuhusu sindano, maana kuna zile za mchanganyiko: ampuli ya deksamethasoni 4 mg, diklofenaki 75 mg na vitamini B, vyote kwenye bomba moja, tako moja. Mtu anachomwa kila maumivu yakirudi.

Deksamethasoni 4 mg ni sawa na prednisoloni karibu 27 mg. Diklofenaki inaondoa ute unaolinda ukuta wa tumbo, steroidi inachelewesha kidonda kupona na inaficha maumivu yake. Mmoja peke yake anaweza kuleta kidonda, wawili wakikutana hatari ya kutokwa damu tumboni inapanda mno. Mgonjwa hasikii tumbo kuuma. Anachokiona ni kinyesi cheusi kama lami chenye harufu kali, au anazirai chooni. Ukiona kinyesi hicho, ni dharura ya usiku huohuo.

Pia kuchanganya dawa kwenye bomba moja bila kujua kama zinapatana huweza kufanya chembe zigande, na chembe hizo unazisukuma kwenye msuli.

Triamsinoloni ya kukaa muda mrefu ikichomwa juujuu, mafuta chini ya ngozi yanayeyuka: shimo linabaki na ngozi inakuwa nyeupe hapo. Na sindano ya tako ikipigwa upande wa ndani na chini hugonga neva kubwa ya mguu. Mahali salama ni pembeni ya nyonga au robo ya juu ya nje ya tako. Anayekuchoma bila kukuuliza kuhusu kisukari, vidonda vya tumbo, kifua kikuu na dawa nyingine unazotumia, mkatalie.

---

#5 Kipimo_Sahihi

Mimi nitakuwa wa upande mwingine kidogo. Tusiwatishe watu mpaka mwenye jongo au pumu akatae dawa aliyoandikiwa. Siku tano za prednisoloni hazimgeuzi mtu kuwa mgonjwa wa mifupa. Tezi za adrenali zikizimwa kwa siku chache huamka zenyewe, hakuna haja ya kushusha dozi. Steroidi zinaokoa maisha kila siku. Mwaka 2020 deksamethasoni 6 mg kwa siku, hadi siku kumi, ilionekana kupunguza vifo kwa wagonjwa mahututi wa korona waliohitaji oksijeni.

---

#6 Daktari_wa_Viungo

Nakubaliana nawe sehemu kubwa, ndugu yangu. Dozi fupi iliyoandikwa kwa sababu inayojulikana ni dawa nzuri. Lakini "fupi" haimaanishi "haina madhara". Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima zaidi ya milioni 1.5. Waliopewa kozi fupi, ambazo nyingi zilikuwa kama prednisoloni 20 mg kwa siku sita, ndani ya siku 30 walikuwa na hatari ya maambukizi makali ya damu takriban mara tano ya ilivyokuwa kabla ya dawa, damu kuganda kwenye mishipa mara tatu, na kuvunjika mfupa karibu mara mbili. Hatari yenyewe kwa mtu mmoja bado ni ndogo, kwa hiyo mwenye sababu nzito asiogope. Ila anayerudia kozi "fupi" kila mwezi anarudia hatari hiyo kila mwezi, na dozi zinajumlishana. Kozi sita kwa mwaka si fupi tena.

---

#7 Mfamasia_wa_Zamu

Turudi kwenye kinachoharibika na kwa nini, nikianza na mfupa kwa sababu ndio tuliokuja kuutibu.

Steroidi inawapunguza wajenzi wa mfupa na kuwarefushia maisha wabomoaji, kisha inapunguza kalsiamu inayoingia kutoka utumbo. Mfupa hupotea kwa kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, na hatari ya kuvunjika huanza kupanda hata kwenye dozi za prednisoloni za chini ya 7.5 mg. Pingili za mgongo zinajibana bila mtu kuanguka. Anaona tu kimo kimepungua na mgongo unauma. Anaongeza kidonge. Aliyelazimika kutumia zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kupata kalsiamu 1,000 hadi 1,200 mg kwa siku, chakula kikihesabiwa humo, vitamini D yuniti 600 hadi 800, na kutathminiwa kama anahitaji dawa ya mifupa kama alendroneti.

Kichwa cha mfupa wa paja nacho kinaweza kufa kwa kukosa damu. Dalili yake ni maumivu ya kinena, hasa ukikanyaga au ukizungusha mguu kwa ndani. Eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Picha ya MRI ndiyo inayoona mapema. Mtu aliyeanza na goti anaishia kubadilishiwa nyonga.

Misuli ya mapaja na mabega inakonda. Mjaribu mtu: akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame bila kujishika. Akishindwa, na hana maumivu makali, fikiria misuli iliyoliwa na dawa. Na paja ndilo linalobeba goti. Paja likidhoofu goti linapata mzigo zaidi, linauma zaidi, dozi inapandishwa. Ni mzunguko mbaya sana.

Kuna macho pia: mtoto wa jicho anayeanzia nyuma ya lenzi, na presha ya macho inayopanda bila maumivu. Kuna ngozi nyembamba inayopata mchubuko kwa kuguswa, michirizi ya zambarau tumboni, uso wa mviringo, mafuta nyuma ya shingo huku mikono na miguu inakonda. Usingizi unakata. Wengine wanachangamka kupita kiasi, wengine wanazama kwenye huzuni au kusikia sauti, na familia haihusishi na "dawa ya magoti".

---

#8 Kisukari_na_Homoni

Kwenye sukari kuna mtego. Ukimeza prednisoloni asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni, kisha hushuka usiku. Anayepima asubuhi kabla ya kula anaona 5.4 mmol/L na kujipongeza. Pima saa moja hadi mbili baada ya mlo wa mchana, au kabla ya mlo wa jioni. Hapo ndipo utaona 13 au 15.

Sasa kushuka, jambo ambalo mleta uzi aliahidi. Ubongo ukiona steroidi nyingi kwenye damu unaacha kuziamuru adrenali. Wiki zikipita tezi zinasinyaa. Ukikata dawa ghafla huna ya nje wala ya ndani. Kinachofuata ni udhaifu mkubwa, kichefuchefu, tumbo kuuma, kizunguzungu ukisimama, na ukipata malaria, ajali au upasuaji, presha inaporomoka hadi kifo. Dalili zinafanana na malaria au sumu ya chakula, kwa hiyo watu hufa wakitibiwa kitu kingine.

Ngazi za kushuka zinazotumika sana, daktari akizirekebisha kwa mtu husika:

- Kama ni deksamethasoni au betamethasoni, hubadilishwa kwanza kuwa prednisoloni, kwa sababu ile ndefu haiziachi tezi ziamke.
- Dozi yote humezwa mara moja asubuhi, baada ya chakula.
- Juu ya 20 mg: hupunguzwa 5 hadi 10 mg kila wiki moja au mbili.
- Kutoka 20 hadi 10 mg: 2.5 mg kila wiki moja hadi mbili.
- Kutoka 10 hadi 5 mg: 1 mg kila wiki moja hadi mbili, wengine hadi nne.
- Chini ya 5 mg: ama 1 mg kila wiki nne, au kupima kotisoli ya asubuhi.

Kuna jambo linalowarudisha wengi nyuma. Ukishuka, viungo na misuli huuma kwa sababu ya kushuka kwenyewe, hata kama ugonjwa umelala. Mtu anasema "unaona, ugonjwa umerudi", anapandisha. Tofauti: maumivu ya kushuka husambaa mwili mzima, bila kiungo kuvimba wala kuwa na joto, na hutulia ukikaa kwenye dozi ileile wiki mbili hivi. Kiungo kikivimba, ugonjwa wenyewe umeamka na unahitaji dawa yake. Usijiamulie, mwone aliyekuandikia ratiba.

Aliye kwenye ngazi za chini, mfano 5 mg, akipata homa hupandishwa hadi 10 mg kwa siku mpaka apone, kisha hurudi alipokuwa. Akitapika kidonge mara mbili, asisubiri kesho. Hospitalini dharura hii hutibiwa kwa haidrokotisoni 100 mg ya sindano pamoja na maji ya chumvi ya mshipa, na huanza kabla ya majibu ya maabara.

---

#9 Mchunguzi_wa_Dawa

Kuna wanaotumia steroidi na hawajui. Makopo ya "dawa ya asili ya viungo" yameshakutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo kuhusu bidhaa za Artri King na nyingine zenye majina ya Artri na Ortiga kwa sababu hiyohiyo. Waliotumia walipata madhara ya ini, kutokwa damu, na adrenali zilizozimika.

Alama za kutilia shaka: mmea unaoondoa maumivu ya miaka mingi ndani ya siku moja, hamu ya kula inaamka ghafla, uso unanenepa ndani ya wiki chache, sukari au presha iliyokuwa imetulia inaruka, na ukiacha siku mbili tatu unaanguka kwa udhaifu. Mizizi ya kweli haifanyi hivyo kwa pamoja. Ukiwa na dalili hizo, chukua kopo lenyewe na vidonge vilivyobaki uende navyo hospitali, useme wazi unatumia tangu lini na vingapi kwa siku. Usilitupe kwa aibu, na usiache ghafla kama umezidisha wiki tatu.

---

#10 Mtafiti_Mdogo

Na anayetumia dawa za VVU au za kifua kikuu?

---

#11 Mfamasia_wa_Zamu

Swali zito, na linasahaulika mno.

Ritonaviri na kobisistati, zinazowekwa kwenye baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU, huzuia ini lisivunje steroidi. Hata sindano moja ya triamsinoloni kwenye goti inaweza kukaa mwilini wiki nyingi, uso ukavimba na adrenali zikazimika, wakati mtu anasema "nilichomwa mara moja tu". Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: ini linaivunja steroidi haraka, dozi inakuwa kama haipo. Aliyekuwa anategemea prednisoloni anaweza kuingia kwenye upungufu wa ghafla akianza rifampisini. Karbamazepini na fenitoini za kifafa nazo hufanya hivyo.

Siprofloksasini au levofloksasini pamoja na steroidi huweza kukata kano ya kisigino, hasa kwa waliopita miaka 60. Furosemidi na steroidi pamoja hushusha potasiamu.

Kuhusu maambukizi: kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, hasa dozi ya prednisoloni ikifika 15 mg na kuendelea kwa mwezi au zaidi. Na kuna mnyoo mdogo, strongiloidi, anayeweza kuishi mwilini miaka mingi kimya akijizalisha upya humohumo. Kinga ikizimwa huenea mapafuni na hadi kwenye ubongo, akibeba bakteria wa utumbo. Mwenye historia ya kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu apimwe, au apewe ivamektini kabla ya steroidi za muda mrefu. Chanjo zenye virusi hai hazitolewi kwa aliye kwenye prednisoloni 20 mg au zaidi kwa wiki mbili na kuendelea. Tetekuwanga kwa mtu wa namna hii si ugonjwa wa watoto. Akikaa karibu na mwenye nao na hajawahi kuugua, aende hospitali mapema.

---

#12 Fizio_wa_Magoti

Tumesema usimeze. Basi niseme cha kufanya, maana aliyeumwa anahitaji jibu leo.

Kwa goti lililolika: jeli ya diklofenaki ya kupaka, mara tatu hadi nne kwa siku, ndiyo ya kuanzia. Ni kidogo sana inayofika kwenye damu ukilinganisha na kidonge. Paresetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima, na mwembamba sana au mnywaji apunguze. Ila nguvu kubwa iko kwenye paja:

Kaa kwenye kiti, nyoosha goti mpaka mguu ulale sambamba na sakafu, shikilia sekunde 5 hadi 10, shusha polepole. Mara kumi kila mguu, seti tatu. Halafu kusimama na kukaa kwenye kiti kirefu, mara kumi, ukitumia mikono kidogo kidogo mpaka uiache. Fanya angalau siku tatu kwa wiki. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kutulia ndani ya siku moja, uko sawa. Yakikaa zaidi ya hapo, au goti likivimba, punguza idadi lakini usiache kabisa. Usihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12. Hapa ndipo watu wengi hushindwa: kidonge kinajibu kesho, paja linajibu mwezi wa pili.

Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Wengi wanaishika upande uleule na kuongeza mzigo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua inaondoa takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Kilo tano tu, utaisikia tofauti kwenye ngazi.

---

#13 Maabara_Asubuhi

Nimalizie kipimo cha kotisoli, kwa sababu kinaharibiwa kizembe. Damu itolewe kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, kotisoli inapokuwa juu. Ikichukuliwa mchana namba itakuwa ndogo hata kwa mtu mzima wa afya, na mtu ataambiwa ana upungufu ambao hana. Prednisoloni husomeka kama kotisoli kwenye mashine nyingi, kwa hiyo kidonge cha asubuhi hiyo kisimezwe kabla ya kutoa damu. Iwe imepita angalau saa 24 tangu cha mwisho, kisha meza mara baada ya kutolewa. Deksamethasoni haisomeki hivyo lakini inazima tezi kwa siku kadhaa, ndiyo maana hubadilishwa kwanza. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha namba kwa uongo.

Juu ya 300 nmol/L, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa. Chini ya 150, bado zimelala: endelea na dozi ndogo, rudia baada ya miezi michache. Katikati ya hapo, daktari huendelea na dozi ya kiasi cha mwili na kurudia kipimo baada ya wiki au miezi. Kwenye fomu andika jina la dawa, dozi, na saa ya kidonge cha mwisho. Fomu isiyo na saa hiyo, namba yake haisomeki.